Fungu la Mama

"Rudia," Bi Dama alisema. "Rudia mwanangu asikie."

Mejumaa alirudia. Hakuwa mwanamke wa kulimeza neno akishalitoa. "Nimesema usimtafunie tena mtoto wangu. Daktari amesema mdudu huyo humwingia mtu utotoni, kutoka mdomoni mwa anayemlisha. Mwanao hakuugua kwa pilipili yangu. Uliyemlisha ni wewe."

Kiganja chake bado kilikuwa baina ya mdomo wa mtoto na vidole vya bibi. Kwenye vidole vile palikuwa na tonge laini la ugali na samaki, lililokwisha kutafunwa. Mtoto wa miezi kumi alikuwa amefungua kinywa akingoja. Jina lake lilikuwa Dama, la bibi yake, na kwa kuwa bibi alimwita somo yangu, nyumba nzima ilimwita Somo.

Tsuma alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, na mfuko wa dawa mapajani. Alikuwa mtu mrefu, na miezi ya karibuni shati lake lilikuwa limemlegea mabegani. "Daktari alisema huenda," alisema. "Hakusema ndivyo."

"Alisema huenda kwa adabu," Mejumaa alijibu.

Kwa miaka kumi na mitatu Mejumaa alikuwa amelaumiwa kwa tumbo la mumewe. Alikaanga viazi karai barazani, hapo Majengo, na pilipili yake ya ukwaju ilijulikana mpaka Tononoka. Bi Dama aliwaambia majirani kwamba mwanawe analiwa na vitu viwili, pilipili ya mkewe na ulimi wa mkewe, na kwamba tumbo hufuata mawazo. Somo alipozaliwa, baada ya miaka mingi ya kungoja, lawama zilipungua lakini hazikuisha. Sasa, asubuhi hiyo moja tu, katika kliniki ndogo ya Mji wa Kale, daktari alikuwa amempa Mejumaa jibu. Alikuwa amelibeba njia nzima kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kigae, akitafuta pa kulitua.

Bi Dama alilitazama lile tonge. Kisha akalitia kinywani mwake mwenyewe, akalimeza, akafuta vidole kwa pindo la kanga. Akamtoa mtoto mapajani na kumweka mkekani polepole, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Nimelea saba namna hii," alisema. "Wawili nimewazika. Na hao nimewaua mimi?"

Bi Dama aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake. Somo alianza kulia, kwa sababu tonge lake lilikuwa limekwenda.

"Umefurahi?" Tsuma alimwuliza mkewe.

"Sikusema uongo."

"Hilo sikukuuliza."

Daktari Waseem alikuwa kijana, na hakuwa na haraka. Alikuwa amempitishia Tsuma mpira mwembamba wenye taa kooni, akakiona kidonda kwa macho yake, kikubwa kama kwato ya mbuzi mdogo, akampima na damu. Kisha akageuza karatasi ya risiti na kuchora tumbo. Aliwaambia kwamba siku hizi inajulikana: kidonda cha namna ile hakiletwi na pilipili wala mawazo. Kuna mdudu, mdogo asiyeonekana, anayeishi tumboni. Mjini humu wamejaa. Wakipimwa wote wapitao Ndia Kuu asubuhi moja, zaidi ya nusu watakutwa naye, na wengi hawatajua mpaka wafe.

Tsuma aliuliza mbona mama yake ana miaka sabini, anakula dagaa kwa pilipili mbichi, na hajawahi hata kucheua.

"Pengine naye anaye," daktari alisema. "Tofauti si mdudu, tofauti ni askari. Damu yako ina chembe nyeupe, ndio askari wa mwili. Wakimsikia mdudu, wanakwenda kumpiga. Lakini yeye amejichimbia ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, hawamfikii sawasawa. Askari wa mama yako wameona haifai, wameweka zamu wakakaa naye kwa amani. Wako hawakubali. Wanapiga miaka yote, na sumu wanayommwagia inauchoma ukuta wako mwenyewe. Asidi inamalizia."

"Kwa hivyo naumizwa na askari wangu."

"Na mdudu pia. Ndiyo maana tunamtoa. Akitoka, watapoa."

Tsuma alicheka kidogo, akishika ubavu. "Daktari, uliingia lini nyumbani kwangu ukaona yote haya?"

Mejumaa hakucheka. Yeye alikuwa akisikiliza masharti. Dawa za aina tatu, mara nne kwa siku, siku kumi na nne, bila kuruka hata mara moja, kwa sababu mdudu asiyeuawa sawasawa hurudi akiwa mkaidi zaidi. Vidonge vya waridi vitafanya choo kiwe cheusi kama lami, wasishtuke. Zikiisha, arudi. Tsuma aliuliza kama mama yake naye anywe, na daktari akasema hapana, mzee asiyeumwa aachwe alivyo, dawa ni za mgonjwa. Mejumaa aliuza bangili yake, moja tu aliyokuwa nayo, kwa sonara wa barabara ya pili, na dawa zikanunuliwa zote siku hiyohiyo. Daktari alisema mwenye kununua kwa mafungu hukwama katikati.

Siku ya pili Bi Dama aliomba sahani yake peke yake. Siku zote walikuwa wamekula sinia moja, wote watatu, na mtoto akiokota pembeni. Mejumaa alimtolea sahani ya bati. Alidhani mavyaa wake anamsuta, na kusutwa hakukumtisha.

Lakini hakuwa akisuta. Bi Dama alikuwa mwanamke aliyekuja mjini kutoka Kaloleni baada ya kufiwa na mume, na kazi yake katika nyumba ile ilikuwa moja, mtoto. Hakujua kukaanga viazi vya kuuza, wala macho yake hayakuona tena uzi wa sindano. Alijua kumwogesha mtoto, kumkanda, kumlisha. Sasa akikaa alificha mikono chini ya kanga. Somo alitambaa mpaka magotini pake na kumvuta nguo, na yeye akatazama mlangoni.

Tsuma aliyaona hayo asubuhi ya tatu, kabla ya kwenda kazini. Alimwona mama yake akijisogeza nyuma mkekani, kidogokidogo, kumkimbia mtoto wa miezi kumi.

Siku hiyo, dobini, alikaa na jambo lile kutwa. Alikuwa fundi wa pasi katika dobi la Kasam, kwenye kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, na kazi ya kunyoosha kanzu humwachia mtu akili yake. Tumbo lilikuwa limetulia. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alikuwa amelala bila kujikunja. Alijiambia kwamba dawa yenye nguvu namna hii ina ziada. Tsuma hakuwa mjinga, aliyakumbuka maneno ya daktari moja baada ya jingine. Ila maumivu yalikuwa yameondoka, na mama yake alikuwa pale, ameficha mikono.

Jioni alichukua vikaratasi vya namba za dobi, vile vya waridi vinavyobanwa kwa pini kwenye nguo za wateja, akafunga dawa ndani yake kama wafungavyo bizari dukani. Asubuhi alimwita mama yake nyuma ya mlango.

"Daktari amenipa na zako, mama. Hili fungu lako. Mchana moja, magharibi moja. Zikiisha utakuwa safi, utamlisha somo yako."

"Alinitaja?"

"Alikutaja kwa jina. Akasema Bi Dama naye tumtakase."

Bi Dama alivigusa vile vikaratasi. "Na mkeo?"

"Tutamwonyesha zikishaisha. Sasa atauliza bei."

Tangu hapo Tsuma alimeza asubuhi na kabla ya kulala, na za mchana na magharibi zilikuwa za mama. Mejumaa, aliyekuwa amezitia dawa zote katika chupa moja, aliitikisa kila jioni, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha, na dawa zilipungua sawasawa na hesabu ya daktari.

Kasam hakuwa mtu mbaya. Lakini neno mdudu lilikuwa limefika dobini kabla ya juma kuisha, na mwaka ule wa tisini na sita neno kama hilo halikuachwa lipite. Mtu akikonda, watu walikuwa na jina lao la kumpa. Zarina, mkewe Kasam, aliyekaa mezani kupokea nguo, alitoa kikombe kimoja cha bati, akakifunga uzi wa buluu kwenye kishikio na kukitundika msumari wa peke yake. Alimwambia Tsuma kwa sauti ya chini, akitazama daftari, kwamba chai yake atainywea humo, si kwa ubaya.

Tsuma alikisimulia nyumbani kama kichekesho. "Wengine wote wanashiriki vikombe. Mimi nina changu, kama bwana harusi."

Mejumaa alisema atakwenda kuufungua uzi ule na kumfunga nao Zarina midomo. Tsuma alimwomba asiende. Mwezi wa Mfungo Sita ulikuwa umeingia, Maulidi yalikuwa karibu, na kanzu zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni. Hakutaka maneno na mwajiri msimu wa kazi. Kwa hivyo Mejumaa hakwenda. Tsuma aliendelea kunywea kikombe chake, na wateja waliokijua kisa walikitazama kwanza kikombe ndipo wakamtazama yeye.

Nyumbani Bi Dama alikuwa akitaabika na fungu lake. Dawa zile zilimtia ladha ya sarafu kinywani. Zilimchafua moyo, na chai ilimrudi. Mara ya kwanza alipoziacha alijiambia atalipa kesho. Kesho yake aliacha tena, akafunga kikaratasi katika pindo la kanga. Alikuwa ameweka punje za mahindi ndani ya kopo, moja kwa kila siku iliyobaki, na kila asubuhi alitoa moja. Punje zilikwisha. Vikaratasi havikuisha, na aliona haya kumwambia mwanawe.

Alhamisi moja alfajiri Mejumaa alikwenda chooni baada ya mumewe, akiwa na taa, na aliporudi alisimama mlangoni.

"Choo chako bado cheusi."

"Daktari si alisema?"

"Alisema kwa ajili ya zile za waridi. Zimekwisha Ijumaa. Leo Alhamisi."

"Basi zinatoka polepole. Mimi mtu mrefu."

Mejumaa aliweka taa chini, akamshika mumewe kidevu na kumvuta kope la chini kama afanyavyo kwa mtoto mwenye safura. Ndani palikuwa peupe. Alimwambia wanakwenda kliniki sasa hivi. Tsuma alisema leo haiwezekani. Maulidi ni Jumamosi usiku, kanzu sitini zinamngoja, Kasam amemwahidi mshahara na bahashishi siku ya Ijumaa baada ya kazi, na pesa hizo ndizo za kumlipia daktari mwenyewe. Jumamosi asubuhi, wallahi, atakuwa mlangoni pa Waseem kabla hajafungua.

Mejumaa aliwahi kumzuia mume wake kwa mambo madogo mara elfu. Alimzuia asikopeshe, asiende ngomani, asinunue redio mbovu. Siku ile alifikiria mshahara, akamwachia.

Ijumaa alasiri, Tsuma alikuwa kwenye kanzu ya arobaini na kitu. Kasam alisikia harufu ya nguo inaungua, akapaza sauti bila kugeuka kumwuliza kama amelala. Alipogeuka, pasi ya makaa ilikuwa imesimama peke yake juu ya kifua cha kanzu ya mtu, moshi unapanda, na Tsuma alikuwa chini ya meza. Alikuwa ametapika kitu cheusi chenye punje, kama machicha ya kahawa, na baada yake damu nyekundu.

Kichochoro kile hakiingii gari. Walimweka kwenye mkokoteni juu ya nguo chafu za wateja, wakamsukuma mpaka barabara kubwa. Zarina alikwenda naye. Hakuna aliyemtuma. Alikaa kwenye mkokoteni na kichwa cha Tsuma mapajani mwake, akimfuta mdomo kwa mtandio wake, na damu ikamwingia mpaka kwenye bangili. Tsuma alijaribu kumwambia aangalie, asiguse, yeye ana mdudu.

"Nyamaza," Zarina alisema. "Nyamaza, kaka yangu."

Hospitalini walisema kidonda kimekula mpaka kwenye mshipa. Ilitakiwa damu. Kombe, kaka yake Mejumaa, alitoa, na Kasam alitoa, na haikutosha. Ilitakiwa apasuliwe, lakini alikuwa dhaifu mno kupasuliwa kabla hajaongezwa damu, na damu waliyomtia ilitokea palepale. Daktari Waseem alikuja Jumamosi asubuhi, alipokwisha kusikia. Alisoma cheti, kisha akamwita Mejumaa kando, penye dirisha.

"Dawa alimaliza?"

"Zote. Nilikuwa naitikisa chupa kila jioni kwa mkono wangu."

"Hakuruka?"

"Mimi nakwambia nilikuwa naitikisa."

Daktari alisema dawa zile zikimezwa sawasawa huwaponya wengi sana, lakini si wote. Alisema angepaswa kuwaambia kwamba weusi wa choo ukizidi siku mbili tatu baada ya dawa kwisha, wakimbie. Alilisema hilo akitazama viatu vyake. Mejumaa alitaka kumchukia na hakuweza, kwa sababu siku hizo tatu yeye alikuwa amezihesabu, mpaka zikafika sita.

Tsuma alikuwa mweupe viganjani. Alizungumza kwa kupumzika. Alimwuliza mkewe kanzu ile iliyoungua ilikuwa ya nani. Mejumaa alisema hajui. Alimwuliza mama yuko wapi, akaambiwa yuko nyumbani na mtoto.

"Amemshika?"

"Nani?"

"Mama. Amemshika Somo?"

"Lala kwanza, baba Somo."

"Mwache amlishe. Sasa anaweza."

Mejumaa alidhani ni homa inayosema. Alimfunika miguu. Tsuma alikufa mchana huo, adhuhuri ikiadhiniwa, na alasiri akazikwa. Jioni watu walikwenda Maulidini kwa makundi, wakapita barabara ya juu wakipiga matwari, na kanzu nyingi zilizopita pale zilikuwa zimenyooshwa na Tsuma.

Hitima ilisomwa siku ya tatu. Siku ya nne majirani walirudisha masufuria na kwenda zao. Mejumaa alikuwa katika eda. Miezi minne na siku kumi hatatoka, hatakaanga barazani, hatakwenda sokoni. Kombe aliahidi kuleta unga. Zarina alikuja na kifurushi cha vitu vya marehemu vilivyobaki dobini: shati la kazi, kandambili, kikombe cha bati. Uzi wa buluu ulikuwa umefunguliwa, lakini pale ulipokuwa umefungwa palibaki mviringo msafi. Alikaa kidogo, akalia kidogo, hakuweza kusema alilokuja kusema, akaenda zake.

Zarina alipotoka, Bi Dama alitokeza mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa amevaa kanga ya safari, na mkononi ana kikapu cha ukindu kilichofungwa kamba.

"Nakwenda Kaloleni," alisema. "Kuna basi la saa tisa."

Mejumaa alikuwa sakafuni akimlisha mtoto uji, na mtoto alikuwa akiutema. Tangu msiba uingie Bi Dama alikuwa hajamgusa Somo. Wanawake waliokuja kuhani waliona na kunong'onezana kwamba huzuni imemwingia kichwani.

"Kuna nani Kaloleni?" Mejumaa aliuliza.

"Kuna kaburi la baba yake."

Hakuondoka, hata hivyo. Aliweka kikapu chini, akaketi mbali, akafungua pindo la kanga kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Akatoa vikaratasi vya waridi, akavipanga mkekani kimoja kimoja. Vilikuwa saba. Juu ya kila kimoja palikuwa na namba ya dobi iliyopigwa muhuri.

"Siwezi kwenda na hivi," alisema. "Nitakwambia ukweli, kisha unifanye utakavyo. Daktari alimpa mwanangu dawa zangu. Naye akanipa kwa siri, usije ukauliza bei. Akasema nikizimaliza nitakuwa safi, nitamlisha somo yangu. Nami sikuzimaliza, mwanangu. Zilinichafua moyo. Nilikuwa naficha, namwambia nimemeza." Alivigusa vikaratasi kwa kidole. "Kwa hivyo mdudu alibaki kwangu. Yeye akatakasika, mimi nikamrudishia. Ulisema kweli siku ile. Ni mimi."

Mejumaa alichukua kikaratasi kimoja na kukifungua. Kidonge cha waridi, kidonge cha manjano, kimoja cha rangi mbili. Alivijua. Alikuwa ameviona nyuma ya kioo cha chupa kila jioni, akivitikisa. Aliijua na karatasi. Ilikuwa ya dobi la Kasam.

Alihesabu kichwani, kwa sababu ndivyo akili yake ilivyofanya kazi hata siku mbaya. Mchana na magharibi, tangu siku ya nne mpaka ya kumi na nne. Nusu ya dawa za kila siku. Akakumbuka hospitalini: mwache amlishe, sasa anaweza. Akakumbuka na asubuhi ya kliniki, daktari akisema mzee aachwe alivyo, dawa ni za mgonjwa, na Tsuma akiitikia kwa kichwa. Kisha akakikumbuka kiganja chake mwenyewe, kimekaa baina ya tonge na mtoto.

Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Zilikuwa zake. Alikupa zake. Lilikuwa neno fupi, na la kweli, na Mejumaa katika maisha yake hakuwahi kulizuia neno la kweli zaidi ya muda wa kuvuta pumzi.

Bi Dama alikuwa akimngoja. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.

"Zilikuwa zako," Mejumaa alisema. "Daktari alizitoa zako na zake. Zake alimeza zote, nilikuwa naitikisa chupa. Kidonda kilikuwa kimekwisha kufika kwenye mshipa, mama. Hukumrudishia kitu."

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema mbele yangu."

Bi Dama alitikisa kichwa polepole, haamini, haachi kuamini. "Alinisisitiza nizimalize."

"Basi utazimaliza. Ziko saba. Mbili kwa siku, ni siku tatu na nusu. Huwezi kupanda basi dawa haijaisha."

Aliinuka, akakivuta kikapu cha ukindu, akakirudisha chumbani na kukisukuma uvunguni kwa mguu. Aliporudi alichukua kikombe cha bati katika vitu alivyoleta Zarina, akakisuuza, akachota maji mtungini. Akapiga goti mbele ya mavyaa wake, akamwekea vidonge vitatu kiganjani.

"Cha waridi tafuna. Hivi vingine meza."

Bi Dama alitafuna. Uso ulimkunjamana, na machozi yakamtoka, huenda kwa uchungu wa dawa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akameza, akanywa tena. Kisha, bila kuambiwa, akafungua kinywa wazi, ulimi nje, kama afanyavyo mtoto ili aonekane hakuficha kitu.

Mejumaa alichungulia ndani, mpaka kwenye magego. Hapakuwa na kitu. Akamwinua Somo kutoka sakafuni, akamweka mapajani mwa bibi yake, akasogeza bakuli la uji na kumpa kijiko.